Pole ya Mzee Katabaro

Tumemzika Mzee Katabaro kwake Kaisho, katika wiki ambayo mvua ilikataa kunyesha na vumbi la barabara liliingia hadi ndani ya masufuria ya msibani. Nilikaa na wanawake nyuma ya nyumba, penye moshi, tukimenya ndizi za kulisha umati, na kutoka huko nilisikia kwa kipaza sauti wasifu wa marehemu ukisomwa: mzee wa kanisa, mlezi wa yatima, mtu aliyepanda kahawa kwenye kilima ambacho wengine walikiona ni mawe matupu. Kisha msomaji akafika kwenye sentensi niliyoiogopa tangu niliposhuka kwenye gari. Alisema kwamba marehemu alimpenda mkwewe Leokadia kama binti wa kumzaa, akampeleka hospitali kutibiwa macho, akaketi naye hadi ndani ya chumba cha matibabu, na ugonjwa ulipowashinda madaktari alimsomea Neno la Mungu kila jioni mpaka nguvu zake zilipokwisha. Wanawake walioketi karibu nami waliguna kwa kukubali. Sentensi ile ilikuwa kweli yote isipokuwa mahali pamoja: ugonjwa haukumshinda daktari. Waliobaki duniani wakijua kilichomshinda, baada ya daktari mwenyewe kufariki, ni wawili. Mmoja alikuwa ubavuni mwangu kwenye mkeka, kisu mkononi, akimenya kwa kupapasa, uso ameuelekeza pembeni kama anayemsikiliza mtu asiyekuwapo. Wa pili ni mimi.

Habari za ukoo wangu na namna nilivyosomeshwa haziongezi kitu katika mambo haya, kwa hiyo nazipita. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana mwenye stashahada ya ufundi wa umeme na imani kubwa kupita kiasi katika maarifa, nilipoajiriwa na hospitali moja ya misheni wilayani Karagwe kuitunza mashine ya leza ambayo wafadhili walikuwa wameileta kwa ajili ya kliniki ya macho. Nilipanga chumba kimoja Kayanga, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, chenye dirisha lililotazama uwanja ambapo mwenye nyumba alianika kahawa yake juu ya maturubai. Harufu ya maganda ya kahawa yakioza ilikuwa ndani ya shuka zangu, ndani ya mkate wangu, ndani ya nywele zangu. Nilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, ndoo mbili na rafu ya vitabu, na niliamini sihitaji kingine. Ninapomkumbuka msichana yule najisikia kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi hodari akiandika jibu lisilo sahihi kwa mwandiko mzuri.

Mashine yenyewe niliipenda, na sioni aibu kulisema hilo. Fundi aliyekuja kuifunga alinifungulia kabati la mashine na kunionyesha moyo wake: fimbo ya fuwele, fupi kuliko kalamu iliyochongwa mara nyingi, yenye rangi ya zambarau iliyofifia kama ua la maharage asubuhi. Kando yake palikuwa na taa kali iliyomulika kwa mapigo. Fuwele iliunywa mwanga wa taa hiyo, ikauzuia kwa kitambo ambacho kope haiwezi kukipima, kisha ikauachia kati ya vioo viwili vilivyotazamana, ukatoka umenyooka, miale yake yote ikienda kwa hatua moja. Lakini mwanga huo hauonekani. Uko hatua moja nje ya wekundu, mahali ambapo jicho la mwanadamu hukoma. Fundi aliweka karatasi nyeusi mbele yake; nikasikia mlio mdogo, kama ukucha ukigonga meza, na doa jeupe likatokea kwenye karatasi bila mimi kuona kitu chochote kikipita. Kisha akairudisha mahali pake fuwele ya pili, ndogo, angavu kama chembe ya chumvi ya mawe. Ndani ya fuwele hiyo mawimbi mawili ya mwanga usioonekana huungana na kuwa wimbi moja lenye urefu wa nusu, na wimbi hilo ni la kijani, kijani ambacho sijakiona kwenye jani wala kwenye kitambaa. Nilitoka chumbani humo nikiwa mtu aliyeokoka.

Kazi ya kijani kile ilikuwa kuchoma. Kisukari kilikuwa kimeanza kuonekana katika vijiji vyetu, na watu waliletwa kwetu wakiwa na mishipa mibovu ya damu iliyomea nyuma ya jicho, kwenye ule utando unaopokea picha. Mishipa hiyo ikipasuka jicho hujaa damu. Daktari aliunguza vidoa vidogo vingi pembezoni mwa utando, ili pembe hizo zikifa zisidai tena damu, na katikati, mahali pa kusomea na pa kutambulia sura za watu, pasalimike. Nilizoea kuwaeleza wagonjwa kwamba tunatoa pembe ili tuokoe katikati, nami nilijisikia nikisema jambo la hekima. Kwenye korido walikuwa na maelezo yao. “Mle ndani wanakupiga radi,” nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake kwenye benchi. “Radi ya kijani?” “Ya kijani. Ya wazungu.” “Afadhali hiyo, waitu. Ya kwetu haikuandikii siku ya kurudi.” Na Nesi Evodia, aliyesimamia kliniki na ambaye hakuwahi kupita mlangoni bila kunichokoza, aliuliza kila asubuhi: “Fundi Pelagia, mume wako ameamkaje leo?” Nami nilimjibu kwamba ameshakunywa maji yake, kwa kuwa mashine ilipozwa kwa maji safi niliyoyabadilisha kwa mkono wangu. “Mwanamume wa kunywa maji!” alisema Evodia. “Mshike huyo, Karagwe hii humpati mwingine.”

Leokadia aliletwa na baba mkwe wake msimu wa senene. Mumewe alikuwa amefariki, akabaki kwa wakwe huko Kaisho na binti yake mdogo, Editha. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha jaa damu na halikuwa na matumaini. La kushoto lilikuwa bado linaona vizuri, lakini Daktari alipolichunguza alisema mishipa ipo tayari kupasuka na kwamba tukichoma kwa awamu tatu, katika miezi michache, huenda jicho likaokoka. Mzee Katabaro alisimama wima mbele ya meza, kofia mkononi, mtu mrefu mwenye koti lililopigwa pasi hadi likang’aa. “Daktari,” alisema, “huyu ndiye anayetusomea. Mimi nasoma kwa kuokota silabi kama kuku, lakini huyu akisoma, hata mke wangu ambaye amezeeka kwa ubishi hunyamaza. Niokolee jicho hili.” Leokadia alikuwa amepiga magoti pembeni, macho chini. Katika nyumba nyingi za huku mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Akisemeshwa naye hujibu kwa unyenyekevu, akimwita tata, yaani baba, na kushusha macho, na hufanya hivyo tangu siku anayoingia katika boma lile mpaka mmoja wao anapokufa. Nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu. Daktari naye alilijua, maana alikuwa mzaliwa wa Kiruruma na alikulia katika migomba hii hii.

Barabara ya Kaisho wakati ule ilikuwa ya mashimo na Daktari hakutaka jicho lile litikiswe, kwa hiyo Leokadia akaja kukaa chumbani kwangu mpaka awamu zote zimalizike. Nilimpa kitanda nikalala kwenye godoro chini. Alikataa, tukabishana, nikashinda. Alinizidi umri kwa miaka isiyozidi kumi, akaniita mdogo wangu, na katika wiki ya kwanza alibadilisha kila kitu: ndoo zilihamia mlangoni, vitunguu vilining’inia ukutani, na mkaa ukaacha kulowa. Alipika ndizi na maharage na kuzifunika kwa majani ya mgomba ndani ya sufuria, jambo ambalo mimi msomi nilikuwa nimeliacha kwa uvivu. Tulikula kwenye kizingiti tukiwatazama kuku wa mwenye nyumba wakifukuzwa kwenye kahawa. Baada ya chakula alisoma. Alisoma vitabu vyangu, alisoma maandishi ya kwenye mifuko ya saruji, alisoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa dagaa na akasikitika habari ilipokatikia kwenye mafuta. Nilimwuliza siku moja kwa nini anapenda kusoma kiasi hicho. Akafikiri, kisha akasema: “Mdogo wangu, mimi nimeolewa katika nyumba ya heshima. Mwaka mzima natazama miguu ya watu. Nikisoma mbele yao, macho yangu yapo chini vilevile, hakuna wa kunilaumu, lakini nipo mbali.” Akacheka. “Wanadhani nimeinama.”

Kabla ya awamu ya kwanza nilimweleza kanuni, na kwake kanuni ilikuwa kali kuliko kwa wengine. Mgonjwa mwenye macho mawili hutazama taa ndogo kwa jicho lisilotibiwa, na jicho linalotibiwa hutulia pamoja na mwenzake. Leokadia hakuwa na jicho la pili. Ilimbidi atulize jicho lile lile linalochomwa, kwa nia tupu, akitazama mbele penye mwanga mkali usiompa kitu cha kushika. “Usifuate sauti,” nilimwambia. “Akiingia hata askofu, wewe tazama mbele.” Alifanya mazoezi chumbani. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kidevu juu ya rundo la vitabu vyangu, akakazia macho msumari ukutani, nami nikazunguka nyuma yake nikimwita, nikidondosha vijiko, nikimwambia nyoka ameingia. Hakutikisika. “Nyoka na alale,” alisema bila kusogeza kope, “mimi nina miadi.” Awamu ya kwanza ilikwisha vizuri, na ya pili pia, ingawa ilimuuma na alitoka machozi yakimlowesha shingo. Daktari alimsifu mbele ya korido nzima. Alisema hajapata mgonjwa mwenye jicho la utii namna ile. Nayakumbuka maneno hayo kila ninapomsikia mtu akisifu utii.

Siku ya awamu ya tatu Mzee Katabaro alitoka Kaisho alfajiri na kufika kliniki kabla ya chakula cha mchana, akiwa na mkungu wa ndizi wa Daktari na kibuyu cha maziwa kwa ajili yetu. Sisi tulikuwa tumeshaanza. Chumba cha leza kilikuwa kidogo, pazia nene jeusi dirishani, na mlango wenye komeo ambalo kwa kanuni halikupaswa kufunguliwa mashine ikiwa katika hali ya kuchoma. Juu ya mlango, upande wa korido, taa nyekundu iliwaka kumwonya mtu yeyote. Daktari alikuwa ameinamia hadubini yake, mkono mmoja umeshika lenzi juu ya jicho la Leokadia, mguu kwenye kanyagio. Mimi nilikuwa kwenye swichi, na miwani yangu ya rangi ya chungwa. Tukasikia sauti ya mzee nje, na sauti ya Evodia ikimsihi asubiri kwenye benchi. “Nimekuwa njiani tangu jua halijachomoza,” mzee alisema. “Sikuja kukaa na watu wa kwenye benchi. Nimekuja kumwombea mtoto.” Akabisha hodi. Akabisha tena, polepole, kama mtu asiyezoea kubisha mara mbili.

Daktari akainua kichwa. “Nani anamwacha mzee mlangoni?” aliuliza. “Fungua, Pelagia. Aingie akae nyuma pale, asiseme kitu.” Nikasema, “Daktari, kanuni ya mlango.” “Najua kanuni.” “Basi tumalize kwanza, zimebaki dakika chache.” Alinitazama kwa uchovu zaidi kuliko kwa hasira. “Wewe unataka niseme nini huko nje kesho? Kwamba mtoto wa Kiruruma alimfungia Katabaro mlango? Mimi sikuzaliwa ng’ambo, mwanangu. Fungua.” Niliizima mashine kama inavyotakiwa, nikafungua, nikampa mzee miwani ya ziada na kumwonyesha kiti. Aliketi huku ameshika kofia magotini. Nilifunga komeo, Daktari akarekebisha lenzi, nikawasha. Kwa kitambo kizuri mambo yalikwenda kama yalivyopaswa kwenda. Mzee hakusema neno. Leokadia, aliyejua vizuri ni nani aliyeingia, hakutikisika. Daktari alikuwa sasa akichoma pembe ya juu, na alikuwa ameiweka mashine katika mapigo yanayofuatana yenyewe mguu ukiwa juu ya kanyagio, mlio mdogo, mlio mdogo, mlio mdogo. Kila pigo lilimuuma Leokadia. Mwishoni alishindwa kujizuia, akaguna.

Mzee Katabaro alikuwa mtu mwema. Alisikia mtoto akiumia, naye akasema jambo ambalo mtu mwema husema. “Pole, mwanangu.”

Leokadia akajibu. “Asante, tata.” Na jicho likashuka.

Ninayo hesabu ya tukio lile, kwa maana ya wanafizikia. Jicho likishuka kwa mbele, utando wa nyuma hupanda. Mahali palipokuwa pembe ya juu, ndani ya muda usiotosha mtu kuondoa mguu, pakawa katikati. Mashine haikuwa na namna ya kujua. Ile fimbo ya zambarau ilikunywa mwanga wa taa na kuuachia, fuwele ndogo ikaugeuza kuwa kijani, na kijani kikaenda kwa unyofu wake wote pale kilipoelekezwa. Daktari alivuta mguu na kutoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu mzima. Nilizima. Mzee aliuliza, kwa upole, kama tayari imekwisha. Daktari aliondoa lenzi, akasogeza kiti nyuma, akamwambia Leokadia afumbue jicho na amtazame. Alilifumbua. Alilielekeza jicho kwake, kisha kushoto kwake, kisha tena kwake. “Daktari,” alisema, “naona mikono yako na kalamu mfukoni. Kichwa umekipeleka wapi?”

Kwa wiki kadhaa tuliishi kwa neno moja, uvimbe. Daktari alisema huenda ni uvimbe na utashuka. Alikuja mwenyewe mpaka chumbani kwangu kumchunguza, akakaa kwenye ndoo yangu, akanywa chai ambayo hakuimaliza. Leokadia alijaribu kila asubuhi kwa gazeti la dagaa. Alilishika mbele, akaona mipaka ya ukurasa, vidole vyake, sakafu, na katikati doa ambalo mwanzoni alisema ni la zambarau na baadaye akasema halina rangi tena. Akiliondoa doa kwenye neno, neno nalo liliondoka. Alijifunza mapema kwamba akitaka kukiona kitu lazima akitazame pembeni, na kwamba kwa namna hiyo aliweza kuona mlango, sufuria, mtu kwamba ni mtu. Herufi hakuziona. Uso aliuona kama unavyouona uso wa mpita njia ukiwa unafikiria mambo mengine. Alipoletewa Editha siku moja alimshika mtoto mashavu na kumgeuza huku na huku, akageuza na kichwa chake mwenyewe, kama kuku anavyoikagua punje, mpaka mtoto akaanza kulia. “Wala sijakuona bado,” alimwambia, “ngoja, ngoja kidogo.”

Daktari alimwambia Mzee Katabaro kwamba ugonjwa umefika katikati ya jicho. Nilikuwapo. Nilimfuata ofisini nikafunga mlango nyuma yangu, nikamwambia kwa ukali wa umri wangu kwamba amesema uongo. Hakukana. Alikuwa ameketi na mikono yake juu ya meza, mikono mizuri, ya mtu ambaye hadi mwezi ule hakuwa amemdhuru mtu yeyote kwa kujua. “Nimwambie kweli,” alisema. “Vema. Wewe umesoma vitabu, nipe neno la kuanzia. Nimwambie: Mzee, ni pole yako? Au nimwambie: Mzee, ni heshima ya mkweo kwako? Au nimwambie ni heshima yangu mimi, niliyekufungulia mlango? Chagua, Pelagia, nitakwenda Kaisho leo leo.” Nilikuwa na majibu ya kila kitu mwaka ule, lakini la swali hilo sikuwa nalo, na nakiri kwa wanaonisoma kwamba sijalipata hadi leo, ingawa nimesimama mbele ya madarasa mengi nikifundisha kwamba ukweli lazima usemwe.

Kwa Leokadia, hata hivyo, niliona hakuna mjadala. Jicho lilikuwa lake. Nilimwambia mchana, tukimenya ndizi kizingitini, nikamweleza yote kwa utaratibu, lenzi, pembe ya juu, mapigo, namna jicho lilivyoshuka. Hakuacha kumenya. “Nilijua kabla yenu,” alisema. “Kwani nani aliyeyashusha?” Nikamwuliza kama angeweza kutoyashusha. “Nyoka wako nilimweza,” alisema. “Vijiko nilivimudu. Hata yeye alipoingia nilimmudu, nilijiambia hayupo. Lakini alinisemesha. Wewe vumbi likija, unaiambia kope isifumbe?” Alitupa ganda, akakosa ndoo, akalitafuta kwa mkono. Kisha akasema sauti ikiwa imebadilika: “Asijue. Usimwambie wewe, wala Daktari naye asimwambie. Ananipenda yule mzee. Akijua atakufa, na nitabaki na jicho lile lile.” Nilimwambia kwamba si haki, yeye kubeba peke yake. “Haki,” alilirudia neno, kama anayeonja chumvi. “Basi ilete, mdogo wangu, niione.”

Alirudi Kaisho. Daktari hakukanyaga tena kanyagio lile. Aliendelea kuandikia watu dawa za matone na miwani, lakini kila alipoandaliwa mgonjwa wa leza alipata sababu: umeme si imara, presha ya mgonjwa iko juu, aje mwezi ujao. Nilibandika kanuni ya mlango kwa herufi kubwa, nikanunua kufuli kwa pesa yangu, nikabadilisha maji ya mashine kila wiki, nikaifuta vumbi fuwele ambayo haikufanya kazi. Nilimwona mwalimu mmoja kutoka Kibingo akiahirishwa mara ya kwanza na mara ya pili, na mara ya tatu aliongozwa na mkewe kwa mkono kwa sababu macho yote mawili yalikuwa yamejaa damu. Evodia aliacha kuniuliza habari za mume wangu. Mwaka ulipokwisha niliacha kazi, nikaenda kusomea ualimu, na mashine ikahamishiwa stoo, ikafunikwa shuka. Watu wengine wengi zaidi ya Leokadia waliingia gizani kwa pigo lile, na wengi wao hawajui kwamba palikuwa na pigo lolote. Nimejaribu kutafuta mwovu katika habari hii, kwa kuwa kazi yangu na tabia yangu ni kutafuta kosa na kulitaja. Sijampata. Namkuta mzee mwenye huruma, daktari mwenye adabu, na mke wa mtoto aliyelelewa vizuri. Nikiwaweka pamoja katika chumba kimoja, jicho linaungua tena.

Nilikwenda Kaisho mara kwa mara miaka iliyofuata. Jioni Mzee Katabaro aliketi kwenye kiti chake, Biblia magotini, akiokota silabi kwa kidole, na Leokadia, aliyeketi chini macho yakiwa kando, alimmalizia neno kwa ulimi pale lilipomkwama, kwa maana alikuwa amehifadhi kurasa nyingi kichwani. “Unaona?” mzee aliniambia kwa furaha. “Bado ndiye anayetusomea.” Kila mara alimwomba Mungu aliponye jicho, na kila mara Leokadia aliitikia amina.

Basi tulipokuwa msibani, tukimenya, bibi mmoja wa ukoo aliwaelekezea kidevu mabinti walioolewa karibuni. “Mwangalieni Mama Editha,” aliwaambia. “Mvi zimemjaa, mkwewe yupo kwenye sanduku, na bado hatazami watu usoni. Nyie mnatukodolea macho kama taa za gari.” Mabinti walicheka kwa aibu. Leokadia naye alitabasamu. Nilimnong’oneza kwamba sasa mzee hayupo, naweza kusema. “Andika ukitaka,” alijibu. “Wa kuumia ameshaondoka. Lakini usitegemee nitaona ulichoandika.”

Walipotangaza kuaga mwili aliniomba nimwongoze. Kifuniko kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa, na Mzee Katabaro alilala humo na koti lake la kung’aa, uso umepungua. Nilimsogeza mpaka vidole vyake vikagusa ubao, nikasubiri ageuze kichwa pembeni kama alivyozoea, ili aipate japo sura ya ukingoni. Hakukigeuza. Aliinua kidevu na kulielekeza jicho lake la kushoto moja kwa moja kwenye uso wa baba mkwe wake, pale pale lilipo doa.

“Unamwona?” nilimnong’oneza.

“Simwoni.”

“Basi geuza kidogo.”

“Hapana,” alisema. “Niache nimtazame.”

Foleni nyuma yetu ilianza kunung’unika, mtu akanigusa bega kwamba tusogee. Sikusogea, naye alikuwa bado anamtazama.